Nilimfuta Rajabu kwenye Karatasi Yangu

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, wala sikusukumwa na mtu. Nilimdanganya rafiki yangu kuhusu masikio yake mwenyewe, naye akaniamini mpaka akaingia kaburini. Jina langu niacheni nalo. Nakaa Matogoro, hapa Songea, peke yangu.

Zamani nilikuwa karani wa simu za maandishi. Nilijua Morse, yale mapigo mafupi na marefu yanayosimama badala ya herufi. Rajabu alikuja ofisini akiwa hajui hata herufi moja, nikamfundisha. Ndiyo maana aliniita Mwalimu siku zote.

Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipoingia, mitumba ikajaa sokoni na ofisi ikaanza kupunguza watu. Rajabu akapunguzwa, akarudi kwao Namasakata, Tunduru, kulima korosho. Lakini kabla hajaondoka, bruda mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi Ulaya alituachia redio mbili za mawasiliano. Tukakata leseni, kila mtu akafunga waya wake juu ya miti, redio zikala betri za gari. Ndivyo tulivyoingia kwenye mashindano.

Ni mashindano ya watu wa redio wa dunia nzima. Kwa siku mbili unagonga Morse, unaita, mtu wa Japani au Brazili anakujibu, mnapeana namba, unamwandika. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Karatasi zinatumwa kwa posta kwa waamuzi ng'ambo, nao wanazilinganisha. Ukiandika kwamba tumezungumza, na kwenye karatasi yangu jina lako halimo, unafutiwa na kukatwa pointi juu yake.

Rajabu alikuwa na mkono mwepesi jamani! Miaka mitatu mfululizo alipata cheti cha kwanza Tanzania. Mimi wa pili. Ofisini walinimaliza.

"Mwalimu, mwanafunzi kakuchapa tena?"

"Mwacheni mzee, mwakani atapewa cheti cha kuhudhuria!"

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa naungua.

Mwaka wa nne tulikutana hewani mara sita, kila mara kwenye masafa tofauti, kama sheria inavyoruhusu. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili alasiri. Akanigongea shikamoo kama kawaida yake, nami nikamgongea marahaba.

Jumatatu nikakaa kunakili karatasi safi ya kutuma. Nilipofika kwenye kituo chake, kalamu ikaruka. Hapana, kalamu hairuki. Niliruka mimi! Niliruka mara zote sita, kisha ile karatasi ya penseli nikaitia motoni.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi. Mimi wa kwanza, yeye wa pili, tumepishana kidogo sana. Ofisini wakanibeba juu juu. Cheti nikakitundika sebuleni.

Wiki mbili baadaye Rajabu, aliyeandikiwa na waamuzi kwamba kwenye karatasi yangu hayumo, akapiga hodi. Ilikuwa masika, na barabara ya Tunduru mnaijua. Alikuwa njiani siku mbili juu ya lori, kanzu imejaa tope.

"Shikamoo Mwalimu. Hongera."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakuketi.

"Nataka uniambie neno moja tu. Siku zile hukunisikia?"

"Sikukusikia, Rajabu."

"Hata mara moja?"

"Hewa ilikuwa mbaya."

"Mbona mimi nilikusikia ukinijibu? Hata marahaba yako niliipata."

"Labda ni mtu mwingine."

Akainamisha kichwa. Nilitamani anitukane! Angenitukana, pengine ningesema kweli. Badala yake akasema polepole, "Basi masikio yangu yameharibika, Mwalimu. Nisamehe kwa kuandika uongo."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nami, bila aibu, nikamjibu, "Usijali."

Mwaka uliofuata nilimwita. Kimya. Nikashinda, nikashinda tena. Waliojibu walikuwa wengi, lakini walinipa namba zao na kuondoka. Mke wangu alikuwa ameshatangulia. Siku mbili nzima nazungumza na dunia, wala hakuna mtu mmoja aliyejua kama nimekula.

Mnauliza kwa nini sikumwandikia barua? Niliianza. Kila nilipofika kwenye neno lenyewe nikajiambia, akija tena nitamwambia uso kwa uso. Hakuja tena. Ikapita miaka sita, ndipo dereva mmoja wa basi akaniletea habari kwamba Rajabu amefariki.

Nilifika Namasakata wameshazika. Dada yake mkubwa, Bi Somoe, akanitandikia mkeka.

"Kumbe ndiye wewe Mwalimu! Alikuwa akikutaja sana."

Nikamuuliza kuhusu redio.

"Aliifunika gunia akaiacha. Alisema masikio yanamletea vitu visivyokuwepo. Hata adhana, baba, alikuwa akituuliza, 'Kweli imeadhiniwa, au nimesikia mimi tu?'"

Nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote pale pale, tangu karatasi hadi moto.

"Kwa hiyo ndugu yangu alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Akainuka, akaenda kukaa na wanawake wenzake uani. Hakupiga kelele, hakunifukuza. Chakula kikaletwa, nikaoshwa mikono kama mgeni wa heshima. Ee Mungu wangu, tonge lile! Sijui hata nililimezaje.

Niliporudi nikawaandikia waamuzi ukweli, nikawarudishia vyeti vyote. Hawajanijibu, na hata wakijibu, hakuna wanachoweza kumrudishia Rajabu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, tazama kama kuna mtu anayekuamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Usimdanganye, hata kwa jambo la mchezo. Hatakushuku wewe, atajishuku yeye, na ataishi hivyo. Kama umeshafanya, usitume mtu, usingoje aje kwako. Nenda leo ukamwambie, akiwa bado ana nguvu za kukukasirikia.