Majina Katika Daftari la Mtawa

Mwaka wangu wa kwanza Arlington, Texas, watu niliozungumza nao sana walikuwa wa nyumbani, kwenye simu. Kanisani tulisalimiana, tukala chapati, kisha kila mtu akaingia kwenye gari lake. Kwa hiyo nilipopangiwa na kampuni yetu ya kutunza wazee majumbani kumhudumia mtawa mzee wa Kibudha kutoka Vietnam, niliyapenda yale masaa, ingawa naye hakuwa msemaji.

Alikuwa wa dhehebu la Zen, linalosisitiza kuketi na kutafakari. Aliishi peke yake katika nyumba iliyowahi kuwa hekalu. Waumini wengi walikuwa wamekufa, na watoto wao hawakuijua tena lugha ya sala. Kila asubuhi, nikishamwogesha, aliketi akiutazama ukuta. Siku moja nikamwuliza, "Mama, unaona nini pale?"

"Rangi inabambuka," akasema, akacheka. Kisha akanieleza kwamba mwalimu aliyeitoa njia yao India na kuipeleka China, inasemekana, aliutazama ukuta miaka tisa.

"Miaka tisa bila mtu?"

"Karibu bila mtu."

Tangu hapo alinisimulia kidogo kidogo, nikimkata kucha au nikimkorogea uji wa mchele. Jinsi kila mwalimu alivyomkabidhi njia mwanafunzi mmoja. Jinsi mfalme mmoja wa China alivyofunga mahekalu akawavua watawa kanzu zao. Jinsi wengine walivyoifikisha Vietnam, halafu vita, kambi ya wakimbizi, Texas. Majina ya walimu aliyaandika daftarini, la mwisho likiwa lake. Chini yake palikuwa patupu.

Mwanafunzi wake pekee aliyebaki alikuwa Houston. Alishaacha utawa, akaoa, akawa fundi wa friji.

"Nipeleke," akaniambia.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Nili-drive karibu masaa manne, yeye amelipakata daftari.

Yule fundi, mtu wa miaka sitini hivi, alimpigia magoti sebuleni. Waliongea kwa lugha yao. Halafu nikamwona akilirudisha daftari kwa mikono miwili. Akanigeukia, akasema kwa Kiingereza, "Mwambie siwezi. Mimi si mtawa tena."

"Ameshakusikia," nikamjibu.

Mke wake alituletea supu ya tambi. Mtawa aliimaliza, akashukuru. Tulipokuwa tukirudi, tukipita mji wa Huntsville, alinigeukia.

"Hakunidanganya," akasema. "Ni mwanafunzi mzuri."

Lakini alikuwa analia. Nilimwogesha kila siku, lakini sikujua kama dini yake inaruhusu nimshike mkono kumfariji. Nilimshika.

Alifariki baridi ilipoanza. Mazikoni tulikuwa watu wanane. Fundi alikuja, nikampa daftari, na safari hii alilipokea. Akasoma majina yote kwa sauti hadi la mwisho, la mwalimu wake. Jina lake mwenyewe hakuliandika. Akaondoka nalo Houston.

Wiki iliyofuata nilipelekwa kwa mzee mwingine, mji wa jirani wa Cedar Hill. Alifungulia televisheni kwa sauti ya juu tangu asubuhi, na hakuwahi kuniuliza nilitoka wapi.