Wanaopona Kwenye Mizigo

Encarni Villodres alikuwa na miaka sitini na mitatu, goti moja zima na goti moja la kubembeleza. Lile la kubembeleza alilifunga bandeji kila alfajiri akiwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, mlango ameubana, ili mumewe asimwone anavyokunja uso. Kisha alivaa suruali ya sare, akateremka mtaani, akanywa kahawa yake ya wingu. Huko Málaga kahawa huagizwa kwa kiasi cha maziwa: iko ya nusu, iko ya kivuli, na iko ya wingu, ambayo ni maziwa yaliyosikia habari za kahawa kwa mbali. Encarni aliipenda hiyo kwa sababu haikumsumbua tumbo, na tumbo lilikuwa limebaki kuwa kiungo chake kitulivu.

Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Zamani, kumtoa mgonjwa mlangoni mwa ndege hadi kwenye teksi ilikuwa safari ya robo saa, tena pamoja na stori. Tangu Ulaya ianze kumchukua kila mgeni asiye wa umoja wao picha ya uso na alama za vidole vinne, safari ile ile ilikula saa mbili. Siku za Jumamosi hakuna aliyehesabu.

Wasafiri nao si wajinga. Habari zilienea huko Uingereza kwamba wenye viti wana foleni yao, na kwamba mtu akitaka kiti anakiomba tu, hadaiwi cheti cha daktari. Ndege iliyokuwa ikileta viti vitatu ikaanza kuleta ishirini. Ikawa foleni ya viti ni ndefu sawa na foleni ya miguu, ila kwenye hii waliokaa ni wazima na waliosimama ndio wagonjwa. Na wale wazima, wakishavuka kwa polisi na kuingia ukumbi wa mizigo, walisimama, wakajinyoosha, wakayakimbilia masanduku yao. Wasukumaji wakaubatiza ukumbi ule Lourdes, kwa jina la ule mji wa Ufaransa ambako wagonjwa huenda kuhiji wakiomba kupona.

"Asubuhi hii wamepona tisa," Curro alimwambia siku hiyo. Curro alikuwa msukumaji mwenzake, mwembamba, mpenda mizaha. "Mmoja ameniachia na mkongojo wake kabisa. Unautaka?"

"Niache, Curro."

"Nakuuliza kwa wema, mama. Naona leo unatembea kama unayekanyaga mayai."

"Punguza sauti."

Curro akapunguza, maana Fermín alikuwa anapita. Fermín, msimamizi wao, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Kampuni ilikuwa imempa agizo: mfanyakazi yeyote anayeonekana kushindwa kazi apelekwe kwa daktari wa kampuni. Tangu majira ya baridi walikuwa wamekwenda wawili, na hakurudi hata mmoja. Mgongo wa Remedios, mmoja wao, ulimalizwa na foleni. Barua ya kuachishwa kazi ikammalizia Remedios mwenyewe. Encarni alikuwa amebakiza miezi kumi na minane tu afike kwenye pensheni kamili. Akitoka kabla ya hapo ingekatwa, na ingebaki imekatwa mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Kwa hiyo alijikaza, na alikuwa na mbinu zake. Ya kwanza ilikuwa kukiwahi kiti namba kumi na nne. Viti vipya vilikuwa na magurudumu madogo kama ya kitoroli cha dukani, uzito wote ukamwangukia anayesukuma. Kumi na nne kilikuwa kizee, ngozi imepasuka, lakini magurudumu yake ya nyuma yalikuwa makubwa, ya kuzungushwa hata na aliyekaa. Kiliteleza. Kila asubuhi alikificha nyuma ya mashine ya soda.

Abiria wake wa saa tano alikuwa mama wa Kiingereza aitwaye Glenys Tranter, wa miaka sitini na minane, kutoka Stoke, mji wa viwanda vya vyungu. Alitoka ndani ya ndege mwendo wa haraka, akakiona kiti, akakumbuka, akajishika kiunoni upande wa kushoto.

"Ni nyonga," alisema. Alikuwa na Kihispania cha kuokoteza, cha miaka mingi ya likizo.

"Pole, mama. Kaa."

Walipofika foleni, mbele yao palikuwa na viti thelathini. Encarni alivihesabu mara mbili, mara ya pili akitumaini amekosea. Nusu saa ya kwanza walisogea hatua kama sita. Glenys aliuliza kama hali huwa hivi siku zote. Encarni akasema hapana, jana ilikuwa mbaya. Saa ilipotimia, mkoba uliokuwa mapajani mwa Glenys uliteleza ukafunguka, vikadondoka viatu vyekundu vya kudansia, soli zimelika.

Encarni aliviokota kwa kuinamia goti zima. "Vya mjukuu?"

Glenys akavitazama. "Vyangu."

"Na hiyo nyonga ni ya upande gani vile?"

Glenys akajishika upande wa kulia, akajishtukia, akahamia kushoto.

"Usinisimange, mpenzi," Glenys alisema. "Vuli iliyopita nilisimama hapa kwa saa tatu nzima. Rafiki yangu Pauline alizimia mbele yangu. Nikasema mimi siji tena kusimama."

"Sijakusimanga. Mimi nimesimama hapa tangu vuli."

Alisema bila hasira. Hasira inataka nguvu. Ila kuanzia hapo Glenys akawa anageuza shingo kumtazama: namna alivyoegemea mishikio, namna alivyouhamisha mwili kutoka mguu hadi mguu, namna mguu mmoja haukukubali kupokea uzito.

Viti vya mbele vikaanza kusogea. Ilikuwa imefunguliwa dirisha la pili, na foleni iliyolala saa nzima ikaamka yote kwa pamoja. Encarni akajisukuma, goti likagoma. Halikuuma sana, lilijifunga tu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Pengo likapanuka mbele yao. Nyuma mtu akaguna. Na upande wa kushoto, kutoka mwisho wa kamba ya foleni, Fermín alikuwa anakuja polepole akikagua viti kimoja kimoja, ubao wa karatasi kifuani.

"Mbona hatuendi?" Glenys aliuliza.

"Goti."

"Basi nishuke, ukae wewe."

"Ukishuka, wewe utarudishwa foleni ya miguu, na mimi nitarudishwa nyumbani." Alimwonyesha Fermín kwa kidevu. "Yule akiniona nachechemea, kazi imekwisha. Nimebakiza miezi kumi na minane."

Glenys akamtazama Fermín. Akayatazama magurudumu makubwa ya kumi na nne. Kisha akapanga mkoba vizuri mapajani, akatandaza koti juu ya magoti hadi pembeni, akapitisha mikono chini yake.

"Shika huko nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Shika tu kama unasukuma. Egemea. Miaka thelathini nimebeba mbao za vyungu vibichi begani, vyungu kumi na viwili kila ubao. Nyonga ni ya uongo, lakini mikono ni ya kweli."

Kiti kikaondoka. Encarni aliegemea kwa mikono yote miwili, akauacha mguu mbovu uburutike nyuma ya kiti pasipoonekana, na kiti kikamvuta. Kwa mbali walionekana kama wengine wote: mzima anasukuma, mgonjwa amekaa. Pengo likafungika.

Fermín akawafikia. "Encarni. Vipi?"

"Kama unavyoona."

"Leo uko taratibu."

"Foleni ndiyo iko taratibu."

Fermín akashusha macho kuelekea miguu ya Encarni. Ndipo alipoona koti linavyochezacheza. "Mama, tafadhali usiguse magurudumu. Yatakubana vidole."

"Daktari ameniambia nifanye mazoezi ya mikono," Glenys alisema, kwa Kihispania kibovu kuliko alichonacho. "Kwa ajili ya nyonga."

Redio ya Fermín ikaita: huko nyuma bwana mmoja alikuwa amekataa kukaa foleni moja na mkewe wa zamani. Fermín aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka. Encarni hakujua ameandika nini. Jasho lilimshuka mgongoni hadi kwenye mkanda.

Kwenye dirisha la polisi mashine ilipiga picha ya uso mara moja tu. Vidole ndivyo vilivyoleta shida. Glenys aliviweka juu ya kioo, taa nyekundu. Akaweka tena, nyekundu. Polisi, kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima, akachungulia. Viganja vilikuwa vyeusi tii kwa vumbi la magurudumu.

"Mikono hii imefanya nini?"

"Kazi," Encarni alisema, akatoa leso.

Glenys akaitemea mate, akasugua kidole kimoja kimoja. Taa ikawa ya kijani.

Katika ukumbi wa mizigo Curro alikuwa ameegemea nguzo akingojea muujiza wa kumi. Fermín naye alikuwa hapo, karibu na mkanda wa masanduku. Glenys aliweka viganja kwenye mikono ya kiti, kama mtu anayetaka kusimama. Akamwona Fermín. Akajirudisha taratibu, akavuta koti.

"Mpaka wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mpaka teksi. Kama mikono inaweza."

"Inaweza."

Curro akawasogelea na sanduku la bluu aliloelekezwa. Alimtazama abiria, akamtazama Encarni, akanong'ona, "Huyu haponi?"

"Huyu mgonjwa kweli," Encarni alisema. "Tubebee hilo sanduku, mwanangu, usilete maneno."

Nje, pembeni mwa teksi, pasipokuwa na macho ya kampuni, Glenys alisimama. Hakujinyoosha kama wenzake. Alisimama ameshika kiti kisirudi nyuma, mpaka Encarni alipojikalisha kwenye ukingo wa saruji na kulikunja goti mara tatu, mara nne, likafunguka kwa kishindo kidogo.

"Jumamosi ijayo narudi kwetu," Glenys alisema. "Kutoka nako ni vidole na uso?"

"Kutoka nako."

"Utakuwepo?"

"Nipo mpaka Oktoba ya mwaka kesho. Mungu akipenda, na Fermín."

Glenys akajifuta mikono kwenye sketi, ingawa leso ilikuwa bado mkononi mwake. "Basi nitaomba kiti," alisema. "Uwaambie ni nyonga ya kushoto, nisije nikasahau. Na uje na hiki hiki."

Teksi ikaondoka na leso. Redio kiunoni ikakoroma: Manchester imetua, viti kumi na tisa. Encarni akakishika kumi na nne, kitupu, akakiegemea, akakigeuza kuelekea mlangoni. Kikiwa kitupu hakikumvuta. Lakini kilimbeba kidogo.