Mwimbaji Aliyeficha Mikono

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya uvumi. Watu wa Luanda, hii yetu ya karibu na Kisumu, wana uvumi mwingi kuliko mahindi, na mimi, niliyekaa Uingereza nikisomea ufundi wa majokofu huku nikiosha vyombo hotelini ili kujilipia, nikarudi na diploma bila msaada wa mbunge wala kanisa, sina tabia ya kuamini jambo kwa kuambiwa. Lakini uvumi huu ulikuwa umeingia katika nyumba ya shangazi yangu ukamzimia redio, na hilo sikuweza kuliacha hivi hivi.

Shangazi wa upande wa baba sisi humwita senge. Senge Selina alikuwa mjane wa Elija, na Elija ndiye aliyekuwa akikwaruza chupa katika santuri za kwanza za Zakaria Mbalanya. Vijana wa leo hawaijui kazi hiyo. Gitaa moja, sauti moja, na mtu wa pembeni mwenye chupa ya soda yenye mistari, anaikwaruza kwa kipande cha chuma mpaka miguu ya wasikilizaji inakosa utulivu. Huyo wa pembeni alikuwa Elija. Alipofariki, Zakaria hakufika mazishini. Senge akaendelea kusikiliza nyimbo za Zakaria redioni kama kawaida.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikatoka kaseti mpya yenye sauti nzito kuliko ile tuliyoizoea. Watu wakaanza kunong'ona. Zakaria alikufa zamani huko Nairobi, wakasema, na anayeimba sasa ni mtu mwingine aliyevaa jina lake. Siku zile mambo kama hayo yalitokea, bendi mbili kutembea na jina moja.

"Kama ni mwongo," Senge aliniambia, "basi hakuna tena mtu duniani aliyekaa na Elija mbele ya maikrofoni moja. Na kama ni yeye, aje asimame kaburini."

Nikamwambia nitampeleka Nairobi, ambako mwenye kaseti hiyo angepiga dansi Jumamosi. Katika ukoo wetu mimi pekee ndiye niliyewahi kupita forodha za nchi nne na kukagua hati za kila aina. Tapeli mmoja mwenye gitaa angenishinda wapi?

Luanda, Ijumaa adhuhuri. Senge alikuja stesheni na mfuko mmoja wa nguo na kuku jike aliye hai, amefungwa miguu, ndani ya kikapu. Nilimwonya kuwa nimekata tiketi za daraja la pili.

"Kuku naye hajali daraja," akasema. "Huwezi kwenda kwa mtu aliyekula nyumbani kwako mikono mitupu."

"Bado hatujajua kama ni yeye aliyekula."

"Basi ataliwa na mwingine. Panda."

Kisumu, jioni. Tulibadilisha treni. Senge na kuku wake wakaingia chumba cha wanawake, mimi nikaingia cha wanaume, nikajikuta na mfanyabiashara wa mitumba aliyesema anaishi Kayole. Nilimuuliza kuhusu Zakaria bila kumwambia kwa nini nauliza. Hivyo ndivyo mtu mwangalifu anavyouliza.

"Mbalanya? Huyo alikufa, bwana. Alizikwa kwao."

"Ulikuwepo?"

"Mimi? Hapana. Lakini fundi wangu wa cherehani alikuwepo."

"Kwao ni wapi?"

Akafikiri. "Huko kwenu tu, si ndiyo?"

Sisi huko kwetu hatukuwa tumemzika mtu kama huyo. Lakini sikutulia. Nilijiuliza pia kwa nini mtu huyo aliniuliza mara mbili nitashukia wapi, nikauweka mkoba wangu chini ya kichwa.

Nairobi, Jumamosi asubuhi. Binamu yangu Zablon, karani wa reli, alitupokea stesheni na kutupeleka kwake Buruburu. Nyumba yake ni nzuri, ina geti na waridi mbele, ingawa sebule yake ni ndogo kuliko yangu. Jokofu lake lilikuwa likitoa maji. Nikamwomba bisibisi, na kabla chai haijaiva lilikuwa limekauka kama jipya. Mkewe akasema kumbe ng'ambo watu husoma. Nikamjibu kuwa wengine husoma, wengine hutembea tu.

Kuku akachinjwa uani. Huku akinyonyolewa, Zablon alinivuta pembeni.

"Injinia, mimi ningekuwa wewe ningemwacha mama aende kucheza muziki arudi nyumbani. Usimfukulie mambo."

"Unajua kitu?"

"Sijui kitu. Nimesema tu."

Mtu asiyejua kitu kwa kawaida haongei kwa sauti ya chini. Nikaliweka hilo moyoni.

Ukumbini, saa za mchana. Dansi ilikuwa katika ukumbi wa jamii, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Jogoo. Ukutani palibandikwa picha ya mwimbaji, lakini kofia ilifunika macho na gitaa lilifunika kidevu. Mtu wa kweli huficha uso kwa nini? Ndani palijaa: wafanyakazi wa viwandani, mama wa sokoni waliotoka Mathare wakiwa na mavazi yao ya kanisani, na vijana waliozaliwa mitaa hiyo, ambao hawajui Kiluhya hata kidogo lakini waliimba kila neno.

Akatokea mwanamume mnene mwenye shati la kung'aa na kofia ile ile. Gitaa lake lilikuwa la umeme. Sauti ilikuwa nzito kama ya kwenye kaseti. Kijana fulani alikwaruza chupa, na ingawa mimi si mwanamuziki, nilisikia kuwa alikuwa akikimbia mbele ya gitaa.

Nikamwinamia Senge. "Ni yeye?"

Alikuwa amefumba macho. "Mimi mwenyewe sauti yangu si ile ya zamani, Festo."

"Hujanijibu."

"Muziki unapigwa, mwanangu. Sikiliza."

Nyuma ya jukwaa, kabla jua halijazama. Dansi ilipomalizika, mashabiki walipanga mstari kwenye mlango wa chumba cha wanamuziki. Kijana mrefu aliyesimama mlangoni alimwona Senge akaingiza mkono kati ya watu.

"Mpisheni mathe apite. Mathe, ingia tu. Wewe buda, uko na yeye?"

"Niko naye, na nina maswali kwa huyo mzee."

"Maswali? Kwani wewe ni CID?"

Wakacheka. Niliwaacha wacheke.

Zakaria, au aliyejiita Zakaria, alikuwa ameketi kwenye kreti la soda akifuta jasho. Alimpa mkono kila shabiki. Kuna mama alimshika kwa mikono miwili akakataa kumwachia, naye akamtania kuwa mumewe yuko dirishani anawatazama. Binti mmoja alitaka kofia yake, akamvisha kidogo kisha akairudisha. Hakumnyima mtu.

Tukafika mbele. Senge akasogea. Alinyoosha mkono.

Yule mtu akamtazama. Kicheko kikamtoka usoni. Akainuka taratibu, akachukua mikono yake yote miwili, akaificha nyuma ya mgongo.

"Mzee," nikasema, "mama anakusalimia."

"Namwona."

"Basi mpe mkono."

"Siwezi."

Nikachukua kikapu, nikafungua kitambaa, harufu ya kuku ikajaa chumba kizima. "Amekuletea chakula kutoka nyumbani."

Nilimwona akimeza mate. "Nashukuru. Sitakula."

"Umeshiba?"

"Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Hapo nikajua nimempata. Nikainua sauti ili wote wasikie. "Basi nijibu swali moja, rahisi. Katika santuri yako ya kwanza, nani alikwaruza chupa?"

Akatazama sakafu.

"Mmeona?" Niliwageukia mashabiki. "Ameulizwa jina la mwenzake, hana. Huyu anayekula jasho lenu si Zakaria Mbalanya. Ni mtu aliyeokota jina!"

Pakawa na zogo. "Buda, chunga mdomo wako," kijana wa mlangoni akasema. Mwingine nyuma akadakia, "Lakini si ajibu tu? Ni jina moja!" Yule binti wa kofia akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeshawapata nusu yao, na nusu iliyobaki ilikuwa njiani.

"Festo," Senge akasema, "nyamaza."

"Senge, acha nimalize."

"Nyamaza, mtoto wa ndugu yangu! Unamtukana mtu anayenipa heshima."

Akawageukia vijana na kuwaeleza kwa Kiswahili cha polepole, kama anayefundisha watoto wa shule ya Jumapili. Kwetu, akasema, mtu aliyekosa mazishi ya rafiki yake hamshiki mkono mjane. Hali chakula chake. Wala hataji jina la marehemu mbele yake, mpaka kwanza afike nyumbani na kusimama kaburini. Akifanya kinyume, anaingiza kifo katika nyumba hiyo kwa mara ya pili.

Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Ila sikutegemea kuikuta Nairobi, ndani ya shati la kung'aa. Na bado sikuridhika.

"Senge, kila mtu wa kwetu anajua hayo. Hata tapeli anayajua."

"Sawa. Na tapeli alijuaje kuwa mimi ni mjane wa nani? Nimesema jina langu? Wewe umelisema?"

Nikatafuta jibu. Nilirudi nyuma katika maneno yangu yote, moja baada ya jingine, kama fundi anayefuata waya. Nilisema mama. Nilisema chakula. Na mikono yake ilikuwa mgongoni kabla sijafungua kinywa. Hapakuwa na mwanya popote.

Zakaria akanisogelea. Alizungumza nami huku uso umeelekea ukutani, maana maneno hayo hayakupaswa kwenda kwa Senge moja kwa moja.

"Mwambie mama nilikuwa Tanga na bendi. Habari zilinifikia yeye ameshalala udongoni. Nikaona aibu. Nikasema nitakwenda mwezi ujao. Aibu nayo huzeeka, ndugu yangu, na ikizeeka inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa."

"Mwambie," Senge akaniambia, ilhali mtu mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka kwake, "kaburi halijahama."

Vijana wa mlangoni wakapewa kuku. Walimmaliza wakiwa wamesimama. "Mathe, hii ni noma," yule mrefu akasema akilamba vidole, kisha akanitazama. "Hata CID achukue paja." Sikuchukua.

Stesheni ya Nairobi, Jumapili jioni. Zakaria alikuwa ameahidi kusafiri nasi. Nilimwambia Zablon kuwa ahadi za wanamuziki ni kama barafu nje ya jokofu. Zablon akacheka, ndipo akanieleza alichokuwa akikificha: amekuwa akihudhuria dansi za Zakaria miaka yote, na mara nyingi amemwona akikataa kuketi na watu wa Luanda. Alidhani ni maringo. Ndiyo maana aliogopa Senge angekwenda kuaibishwa.

Dakika za mwisho Zakaria akatokea, bila shati la kung'aa, gitaa la mbao likiwa ndani ya gunia la sukari. Nilimwalika chumbani kwangu. Akakataa, akapanda behewa la daraja la tatu, mbali kabisa na la Senge. Nakiri kuwa kila treni iliposimama nilichungulia dirishani kuona kama hajashuka. Mtu aliyeshindwa safari moja anaweza kushindwa nyingine. Niliona gunia lile dirishani mwake, na nikajiambia kuwa gunia peke yake si mtu.

Luanda, Jumatatu kabla ya adhuhuri. Zakaria alitembea nyuma yetu njia yote. Tulipofika bomani kwa Senge, hakuja mlangoni. Alijua njia ya kwenda chini ya mikaratusi, lilipo kaburi, bila kuonyeshwa, maana zamani Elija alikuwa na kibanda cha kufanyia mazoezi hapo. Akasimama kaburini, kofia mkononi. Nilikuwa mbali, sikusikia aliyosema. Nilimwona tu akipiga magoti, na mabega yake makubwa yakitikisika.

Senge alingoja barazani. Zakaria alipopanda, alikuwa na udongo kwenye magoti yote mawili. Safari hii yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

"Selina."

"Zakaria. Umechelewa."

"Elija angesema vibaya kuliko hivyo."

"Angekupiga na chupa," Senge akasema, na wote wawili wakacheka huku wakilia, mikono haijaachiana.

Nimeisimulia safari hii kama ilivyokuwa kwa sababu watu wa hapa wameanza kuisimulia bila kuijua. Sijuti kuuliza maswali. Bila maswali hata diploma nisingeipata. Lakini nilichojifunza ni kuwa maswali yangu yote yalikuwa ya kumjua mtu kwa anachoweza kujibu. Tapeli hujibu vizuri kuliko sisi sote. Mwenye haki nilimjua kwa alichokikataa akiwa na njaa.

Mchana ule Senge alichinja jogoo. Zakaria alikula ugali sahani mbili, akaomba na mchuzi uliobaki chunguni, na mimi ndiye niliyemmiminia.