Siku Jua Lilipopatwa Kambini Kwetu

Andika kwanza walionizaa, ndipo mengine yafuate. Baba yangu ni Desideri, mvuvi, aliyezaliwa Mofu, kando ya mto Kilombero. Mama yangu ni Skolastika, aliyetoka upande wa Mahenge akaolewa huku bondeni. Mimi nilizaliwa kambini, kiangazi, juu ya jamvi, na darasani sikuingia hata siku moja. Kwa hiyo andika ninavyosema, mjukuu wangu, usinipambie.

Enzi zetu, miaka ya hamsini ilipokuwa inaanza, mpunga ukishavunwa na maji yakishapungua, familia zilihamia mtoni kuvua. Vibanda vilikuwa vya matete. Alfajiri ilinuka moshi wa kambale waliobanikwa juu ya vichanja, na mikono yetu haikuacha kunuka samaki mpaka mvua za kwanza. Tulijificha na kutafutana kati ya mitumbwi iliyopinduliwa. Tulikula wali wa mchele mpya kwa mchuzi wa perege, watoto wote sinia moja, na aliyenyakua mnofu kabla ya mkubwa wake alitazamwa mara moja tu, akaelewa. Ninyi mnaambiwa mara saba na bado mnauliza kwa nini.

Baba alikuwa na kamba ya katani. Mwezi ulipoandama alifunga fundo la kwanza, na kila siku akaongeza moja, mpaka mwezi upotee kabisa. Samaki huziogopa nyavu kwenye mbalamwezi, na mvuvi asiyehesabu mwezi hulaza watoto njaa.

Alasiri moja jua lilianza kumegwa. Watu wazima walishika vinu na masufuria, wakapiga kwa nguvu ili kile kinachokula jua kiliachie. Hewa ilipoa, yangeyange wakaruka kwenda kulala. Mama alinikuta nasuka mgono, ule mtego wetu wa samaki wa fito, akaniamuru, “Tazama chini. Wewe na mdogo wako, msiinue uso.”

Mimi nilitii. Chini ya matundu ya mgono, mchangani, niliona vijua vingi vidogo, kila kimoja kimepinda kama mundu. Lakini nilitaka kujua ni nini kinachokula jua. Nikamwambia mdogo wangu Thadei, aliyekuwa bado hajang'oka meno ya utoto, “Wewe tazama juu, uniambie. Usipepese.” Thadei alinipenda. Alitazama muda mrefu, machozi yakimtiririka, kisha akasema, “Dada, sioni mdomo.”

Kulipokucha aliona doa jeusi katikati ya kila kitu. Akimtazama mama, aliona masikio na kilemba, uso hakuuona.

Kibanda cha jirani kilikuwa cha mjane, Mama Kaloli. Asubuhi ya siku ile alikuwa amempa Thadei kipande cha kambale, kama alivyowapa watoto wote. Basi maneno yakaanza. “Kamlisha nini mtoto wa watu, na jua likazimika siku hiyo hiyo?” Siku ya tatu ilikwisha kuamuliwa aondoke, na vyungu vyake vilikuwa vinapakiwa mtumbwini. Mimi nilijua ukweli, nikanyamaza kwa kuogopa fimbo.

Baba alisimama kati ya watu, akainua kamba yake. “Hesabuni mafundo. Siku ile mwezi haukuonekana usiku wala mchana. Ulikuwa wapi? Ulikuwa kule kule liliko jua, ukapita mbele yake, kama mtumbwi unavyopita mbele ya moto wa ng'ambo. Mtumbwi hauli moto, unaukinga tu, kisha unapita. Baba yangu naye alinionyesha hivyo. Au mwezi nao katumwa na Mama Kaloli?”

 Kisha mzee mmoja akasema, “Sawa, Desideri. Ya jua tumeyasikia. Na macho ya mtoto?”

Baba akaishusha kamba. Ndipo nikasema, “Ni mimi. Nilimwambia atazame.”

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Mama Kaloli alinishika kichwa, akasema, “Umechelewa, mwanangu, lakini umefika.” Watu wakaanza kumsihi abaki. Akawajibu, “Nimekula nanyi viangazi vingi, na kwa siku tatu mmeniogopa.” Akapanda mtumbwini, akaenda kwa ndugu zake kule Mchombe. Kambini kwetu hakurudi tena.

Thadei alikua, akasuka migono kwa vidole, mizuri kuliko ya wenye macho. Wageni walimdhani ana majivuno, kwa kuwa alisalimia akiwa ametazama bega la mtu. Hakunilaumu hata mara moja. Alipokuwa anakaribia kufa aliniambia, “Dada, kaa huku ubavuni, nikuone.”

Leo jua likipatwa mnainua simu. Shuleni mnafundishwa kwa saa moja jambo ambalo baba alilishika katika ngumi maisha yake yote, nami nafurahi kwa ajili yenu. Lakini mtoto wa jirani akiugua, bado nasikia mkiulizana ni nani aliyempa chakula. Sisi tulipiga vinu kwa kutojua. Ninyi mnajua, na mitumbwi bado inapakiwa.

Kwa hiyo tunza haya. Kamba ya baba imo katika kikapu changu. Itundike inapoonekana, usiifungie sandukuni. Jua likipatwa, lipe mgongo, inua chekeche juu ya mchanga, utazame vijua vyake chini, na watoto wafanye vivyo hivyo. Na ukijua neno linaloweza kumwondolea mtu lawama, liseme siku ya kwanza, usingoje ya tatu.

Sasa nisomee ulichoandika. Kama jina la Mama Kaloli umeliruka, anza upya.