Piko ya Jumatano

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Ijumaa, binti yangu alinionyesha mikono yake. Kila ua la piko lilikuwa limevimba, na malengelenge yamefuata mchoro kama yamechorwa nao. Nikaha ilikuwa ifungwe siku hiyohiyo baada ya alasiri.

"Kamba wa jana hao," alisema wifi yangu. "Bibi harusi halishwi vya majirani. Nyie mkaifakamia ile sahani!"

"Hata wewe ulikula, wifi."

"Kwani mimi ndiye ninayeolewa?"

Akampigia mpambaji aje apake piko nyingine juu, kufunika. Elfu arobaini.

Nikahesabu kurudi nyuma. Kamba wangemwasha mdomo usiku uleule, na vipele vingetapakaa mwilini. Hivi havikutoka nje ya rangi. Piko alipakwa Jumatano alasiri, saa arobaini nyuma. Marehemu mume wangu alipochomwa sindano ya ngozi kupimwa kifua kikuu, aliambiwa arudi baada ya siku mbili ndipo mkono usomwe. Nilitaka kujua sababu, nikanunua kitabu cha wauguzi cha mtumba. Kumbe kuna mzio wa dakika chache, unaoletwa na kinga iliyokwisha kutengenezwa ndani ya damu. Na kuna huu wa seli za kinga zenyewe, ambazo lazima ziitwe, zije, ziongezeke. Lakini kwanza ziwe zimefundishwa kumtambua adui.

"Mwanangu, umewahi kupaka piko kabla ya hii?"

"Iddi ya mwaka juzi. Haikunifanya kitu."

Basi zilifundishwa siku hiyo, zikanyamaza.

Mpambaji aliingia, tayari amekata ncha ya koni.

"Unachanganya na rangi ya nywele?" nilimuuliza.

"Wote tunachanganya, mama. Bila hiyo haikolei."

Wifi alikwishaushika mkono wa binti na kuunyoosha. Nikaufunika kwa viganja vyangu.

"Hiyo ndiyo iliyomuunguza. Ukiongeza, utamchuna ngozi."

"Watu watasema nini?"

"Waseme hakupambwa."

Wifi akauachia mkono. Nilimkimbiza binti zahanati. Daktari alimuuliza kuhusu piko kabla sijafungua mdomo, akampa dawa ya kupaka. Jioni, bwana harusi alipoingia kumpa mkono mkewe, alipewa kiwiko. Wifi ndiye aliyecheka kwanza.

Katika zile elfu arobaini, nikitoa elfu nane za dawa na elfu mbili za bodaboda ya mpambaji, niliokoa shilingi elfu thelathini.