Karanga Zikikataa, Jérémie Huondoka

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Adolphine anaingiza mkono ndani ya gunia la mbegu za karanga. Hufanya hivyo kila siku: huchota konzi moja, huitazama mlangoni penye mwanga, kisha huirudisha. Leo mkono unasimama humo ndani. Gunia lina joto.

Anapoutoa, kiganja kimejaa mbegu zenye ukungu wa kijani.

Hapa Nundu, kaskazini mwa mji wa Baraka, mvua za kupandia zimeshaanza. Kwa mkulima huyu mwenye umri wa miaka thelathini na minane, gunia hilo ndilo lilikuwa msimu wote.

Kosa analijua. Karanga za kuuza, wanawake wa huku huzinyunyizia maji ili maganda yalainike, wakazimenya haraka. Za mbegu humenywa kavu, hata vidole vikichubuka. Wiki iliyopita vidole vyake vilikuwa vimevimba na mawingu yamejaa. Akanyunyiza maji, akafunga gunia kabla mbegu hazijakauka.

"Nilisema kidogo tu, haina shida," anasema kwa sauti ndogo. "Niliona mvua inakuya, nikaogopa."

Jirani yake, Félicité, anapita na jembe begani, anachungulia.

"We Mama Merveille! Ulitaka kupanda ao kupika?" Anacheka, kisha anauona uso wa mwenzake. Anaweka jembe chini. "Pole, dada. Ningekuwa na mbegu, tungegawana."

Hana. Mwaka juzi mvua zilikuwa nzuri, na shamba la Adolphine lilitoa magunia tisa. Mwaka jana jua liliwaka wakati wa maua, akapata mawili.

"Karanga zikiwa mingi, bei inaanguka," anasema. "Bei ikipanda, sisi hatuna kitu."

Mumewe, Jérémie, huenda na kurudi kwa kufuata mavuno hayo. Karanga zikikubali, hubaki nyumbani. Zikikataa, huenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kilembwe. Msimu wa magunia tisa alirudi, akaezeka jiko upya. Mwaka jana akaondoka tena, na mdogo wake Willy. Shimo liliporomoka. Jérémie alirudi peke yake, amebeba shati la Willy.

Sasa anatoka ndani na mfuko mgongoni, koleo mkononi. Analitazama gunia. Amesikia yote akiwa ndani.

"Nitarudi na pesa ya kununua mbegu," anasema.

"Ninaenda sokoni Baraka, nitaomba mbegu ya mkopo," Adolphine anajibu.

"Kwa nani? Kila muntu anatafuta."

"Basi tupande mihogo."

"Mihogo ni ya mwaka kesho, Mama Merveille. Batoto batakula nini?"

Adolphine anamwaga gunia mkekani, anaanza kuchambua. Safi moja hapa, nyingine kule. Nyingi anazitupa.

"Hata zikijaa sahani moja, nitazipanda nyuma ya nyumba," anasema, bila kumtazama mtu. "Mwaka ujao zitakuwa mbegu. Nitazimenya kavu."

Jérémie ameshafika barabarani. Félicité anainamia mkeka, anajifanya anachambua.

"Baba Merveille!"

Mwanamume anageuka. Adolphine amesimama, mbegu zinamdondoka kutoka kwenye kitenge.

"Si mbegu ndiyo ninatafuta. Mi ninatafuta ubakie."