Chokoleti ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ya jengo letu hapa Paris anaishi ghorofa ya kwanza, penye kuta nene za mawe, na hakosi sweta mabegani hata Julai, kilele cha kiangazi. Kila tunapoomba paa la bati liwekewe dari ya kuzuia joto, sisi tunaookwa chini yake, yeye hupangusa miwani polepole na kusema, "Joto halichagui mtu, jamani." Halichagui! Juzi nilimburuta hadi juu kwa Bi Kerbrat, kikongwe aliyekuwa amezirai kwa joto asubuhi ile. Mwenyekiti alimletea mgonjwa chokoleti. Alipofungua boksi mle chumbani, kumbe imekuwa uji. Akalamba vidole, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli: "Ona sasa, mama. Siku hizi hawajui tena kutengeneza chokoleti."